Ngiri Aliyeona Haya Kuingia Topeni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hiyo, kama mnaumwa? Paukwa tena!

Pakaaawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mimi sijazaliwa, bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na nchi ya wanyama isiyo na mfalme. Walichagua msimamizi tu. Na kazi ya msimamizi ilikuwa hii: kiangazi kikianza, anaingia yeye wa kwanza kisimani kuzoa tope. Chubwi! Chubwi! Wengine wanamfuata. Maji yakitoka, wote wanakunywa, yeye anakunywa mwisho.

Mwaka huo msimamizi alikuwa Ngiri. Siku moja akaokota unyoya wa mbuni, akauchomeka kichwani.

"Lo! Baba Ngiri, umependeza!"

Kesho yake akachomeka kumi. Pundamilia naye akataka. Nyani naye akataka. Ikawa ngoma kila siku, ndi! ndi! ndi! Kila mmoja anataka kumpita mwenzake kwa manyoya.

Kiangazi kikaingia. Sasa palikuwa na Mama Digidigi, yule paa mdogo, ana mtoto ananyonya. Akaona maji yanapungua, na maziwa yake yanapungua. Akaenda ngomani.

"Baba Ngiri, siku ya tope imefika."

"Tope? Na manyoya haya?"

"Si uyavue?"

Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Nyani akasema, "Ana wivu huyo! Hana hata unyoya wa kujikunia sikio!"

"Mwanangu ana kiu, baba."

"Kesho, mama. Leo tunacheza."

Kesho ngoma. Kesho kutwa ngoma. Mama Digidigi akaingia kisimani peke yake, na vikwato vyake vile kama punje za kunde. Anatoa kidogo, tope linaanguka, pwata! Anatoa, pwata! Siku ya nne kisima kikauka kau.

Ndipo wote wakaenda ng'ambo ya kilima, kwa Simba, mwenye chemchemi.

Simba akasema, "Maji ninayo. Kunyweni. Lakini tangu leo mimi ni mfalme wenu, na kila jioni mtanipa mmoja nile."

Ngiri akainama, manyoya yakagusa chini. "Tumekubali, mfalme."

"Wa leo nani?"

Wakatazamana. Wenye manyoya wakasogeleana. Mama Digidigi akabaki kando, yeye na mtoto wake. Wakamsukuma mbele.

"Acheni kwanza mwanangu anywe," akasema.

Mtoto akanywa, gu, gu, gu. Akainua kichwa, akageuka kumtafuta mama yake. Hayupo.

Usinitazame hivyo, Mosi. Ndivyo ilivyokuwa.

Na fundisho lake ni hili, nanyi wakubwa mnaojifanya mnasinzia, sikieni. Nchi isiyo na mfalme inataka mikono ya wote, na mkubwa awe mbele. Mkipenda mapambo mkaona haya kuchafuka, atakuja wa kuwatawala. Na wa kwanza kuliwa atakuwa yule aliyewaonya.

Hadithi yangu imeishia hapo, na uchungu wake sikuupunguza.