Fomu Iliyojazwa Sebuleni

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa swali la chumvi. Mke aliuliza kutoka jiko la uani kama wali uongezwe chumvi au uachwe. Mume akajibu kutoka sebuleni, bila kuuonja, kwamba uachwe. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu adhuhuri. Mke akatoka na sufuria mikononi, akavuka ua, akaingia nyumba kubwa, na kabla hajaitua mezani, ukuta wa jiko ukalala chini.

Ndugu zangu, mume huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mkewe. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha watoto wa watu maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Alikuwa mdadisi wa kuzaliwa. Ukimpa dawa ya kikohozi, husoma kwanza karatasi ya ndani ya boksi, pande zote mbili, ndipo akohoe.

Basi miezi minne kabla ya mvua ile, aliamua kuikatia nyumba yake bima. Nyumba ndiyo iliyobaki mkononi baada ya utumishi wote ule. Ikienda, hawana ya pili. Hakutaka kukosea. Akachukua daftari, akazunguka mtaa, akimwuliza kila mtu swali moja: "Kwako wewe, nyumba huuawa na nini?"

Fundi umeme akasema nyaya. Mwenye duka akasema wezi. Mjane wa pale kona akaweka ufagio chini, akasema, "Yangu iliuawa na mashemeji, Mwalimu. Hebu waulize hao watu wa bima, ya mashemeji wanayo?"

Mwalimu akaandika hilo pia: mashemeji, na alama ya kuuliza mbele yake.

Wakala wa bima alikuwa dada mmoja mchangamfu. Akakaribishwa sebuleni, akatandaza karatasi zake. Bima ya kwanza, moto peke yake. Ya pili, moto na wizi. Ya tatu ilichukua hayo yote pamoja na mafuriko na kuta kuanguka. Mwalimu akauliza: mafuriko ni maji yashukayo au hata yapandayo kutoka ardhini? Na bomba likipasuka? Na jiko la uani, lisiloshikana na nyumba, nalo ni nyumba?

Dada akacheka. "Miaka sita nauza bima, Mwalimu, hilo la jiko hakuna aliyewahi kuniuliza. Liandike kwa jina lake, litakuwemo."

Akaliandika. Akachagua ile ya tatu. Nawaomba mlishike hili: alichagua vizuri. Kwa nyumba ile, iliyokaa mteremkoni chini ya barabara, hapakuwa na bima iliyofaa kuliko hiyo.

Wakati huo mke aliingia na chai na karanga, akaweka, akageuka. Dada akamwambia, "Mama, si ukae nasi? Nyumba ni yako pia."

"Mwache mama," Mwalimu akasema. "Ana maharage motoni. Mambo ya karatasi ni yangu."

"Na kweli," mke akasema huku akicheka, "maharage hayajui kuweka sahihi." Akaenda zake uani.

Ukurasa wa tatu wa fomu ulikuwa na swali: Je, maji yamewahi kuingia au kupita chini ya jengo lolote katika kiwanja hiki? Mwalimu akatulia. Akaipitia kila masika kichwani mwake, mwaka kwa mwaka, kama asahihishaye mtihani. Kisha akaandika: Hapana. Hakusema uongo. Aliandika alichokijua.

Sasa turudi kwenye ule ukuta. Siku ya pili mkaguzi wa bima alifika amevaa mabuti. Alipima ufa uliotoka jikoni ukaingia chini ya msingi wa nyumba kubwa, kidole kilizama. Akaenda nyuma ya jiko, akainama kwenye tope.

"Mwalimu, hii mifuko ya mchanga ni ya lini?"

"Mifuko gani?"

Ilikuwa kumi na mmoja. Baadhi ilikuwa imeoza, majani yameota kupitia humo.

"Ni yangu," mke akasema kutoka nyuma yao. "Ya kwanza niliipanga mwaka ule mtaro wa barabarani ulipoziba. Huu ni mwaka wa nne sasa. Masika yote maji hupita chini ya mafiga. Huwa nayachota kabla Mwalimu hajaamka."

Mwalimu akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Si ulikuwa unauliza mtaa mzima? Nikakusikia kwa fundi umeme, nikakusikia dukani. Nikasema, akiwamaliza wote atafika na kwangu."

Mkaguzi akajifanya anasafisha buti lake. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, bima uliyochukua ndiyo hasa. Ila kwenye fomu, swali la maji, umesema hapana. Mimi nitaandika nilichoona. Kesho saa tatu kuna kikao ofisini. Njoo mwenyewe, na maelezo kwa maandishi. Usipofika, faili linafungwa, na fidia ndiyo basi."

Sasa sisi. Nawaona mnamtikisia kichwa huyu Mwalimu. Lakini nani kati yetu hakai naye meza moja? Tunajua ndoa ya nani imelegea mtaa wa pili. Tunafunga na kuomba juu ya maadui wa mbali ambao hata sura zao hatuzijui. Na yule tunayelala naye chini ya bati moja, tumemwuliza nini mara ya mwisho? Kama si chumvi?

Mtasema, tunaishi nyumba moja, nimwulize nini nisichokijua? Haya, na Mwalimu naye alikuwa akiishi nyumba ipi? Mwenyezi Mungu anajua haja zetu kabla hatujafumbua midomo, na bado anatungoja tuseme, anatega sikio. Yeye ajuaye yote anasikiliza. Sisi tusiojua kitu ndio tunaojibu kutoka sebuleni.

Ningeweza kuishia hapo. Wengi mngeridhika, na wengine wenu mngekwenda leo hii kukagua nyuma ya majiko yenu, jambo ambalo si baya. Lakini yaliyompata Mwalimu hayakuwa yameisha.

Jioni ile aliketi kuandika maelezo yake. Akaandika, Sikujua, akakwama hapo. Halafu akainuka, akachukua kigoda, akaenda kuketi uani, mahali ambapo mkewe alikuwa akisugua tope kwenye masufuria.

"Mama," akasema, "kuna nini kingine?"

"Kingine wapi?"

"Popote. Unachokichota kabla sijaamka."

Mke akacheka. "Leo na mimi nimekuwa fundi umeme?"

Mwalimu hakucheka, wala hakuongeza neno. Alingoja. Kungoja kulikuwa kugeni kwake; miaka yote ile darasani, swali lisilojibiwa upesi alilijibu mwenyewe. Mke akaacha kusugua. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaupeleka chini ya kwapa lake la kushoto, akaubana pale.

"Hiki," akasema.

Kilikuwa kigumu, na hakikuwa kikubwa.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana nilikinyamazia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kushughulikia nyumba. Nikasema ngoja kwanza nyumba ikae sawa."

Mtataka kujua kama waliwahi. Ni swali la haki, na mimi nimejiuliza mara nyingi. Sina jibu lake. Ninachoweza kuwaambia ni alichofanya.

Kesho yake saa tatu asubuhi, kikao cha bima kilipoita jina la Mwalimu, hakuna aliyeitika. Mwalimu alikuwa kwenye benchi la hospitali ya mkoa tangu saa kumi na mbili, mtu wa tisa katika foleni, mkewe kando yake. Alimwomba amweleze tangu mwanzo, asiruke kitu. Mke akaanza. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa na mengi, na mengine hayakuhusu uvimbe hata kidogo. Mwalimu hakumkatiza mpaka alipomaliza.