Nani Alimrudisha Minde?

Tegeni masikio, niwape kesi ambayo mimi mwenyewe imenishinda.

Chini ya milima ya Udzungwa aliishi Mzee Mhongole na wanawe watatu. Veneranda, mkubwa, alijua nyayo za kila mnyama. Kastori aliwahi kufanya kazi na watafiti, akajifunza kamera za kutegea msituni. Eufrasia alijaliwa ulimi wa kutuliza watu. Majirani wakigombana, yeye ndiye aliyeitwa.

Ujanani, baba yao alikuwa akikutana na minde, yule swala mweusi wa msitu mnene, akinywa maji kwenye ukungu wa asubuhi. Aliwasimulia hayo jikoni walipokuwa wadogo, mahindi yakichomwa, marehemu mama yao akicheka. Miaka ikapita, minde akatoweka. Sasa macho ya mzee yalikuwa yakififia.

"Wanangu," akasema, "kabla giza halijanifunga, natamani nimwone minde tena."

Veneranda akaingia msituni. Akafuata kinyesi na majani yaliyong'atwa mpaka akapata kijia chembamba kinachoshukia kijito. "Anapita hapa," akasema.

Kastori akaazima kamera, akaifunga mtini. Ikaleta picha za majani matupu! Akafikiri sana.

"Dada, kamera hii haimjui mnyama," akasema. "Inahisi joto linalosogea mbele yake, ndipo inapiga picha. Majani yaliyochomwa na jua yakitikiswa na upepo, inadanganyika."

Akafyeka majani, akaihamishia kivulini, ubavuni mwa njia, ili mnyama akatize mbele yake. Zikaja picha za nguruwe, nyani, na mbwa wa kijijini. Minde hakuwamo.

"Mbwa wanamtisha," akasema Eufrasia. Akapita nyumba kwa nyumba. "Shemeji, nakuomba ufunge mbwa wako. Baba anataka kumwona minde." Wengine walimcheka, lakini wakawafunga. Waokota kuni nao wakabadili njia. Msitu ukatulia.

Ndipo picha ikapatikana. Mzee akaisogeza mpaka puani.

"Ndiye! Oneni kishungi chake chekundu. Laiti mama yenu angekuwepo!" Akacheka huku machozi yakimtoka.

Kisha akaangua zeze lake ukutani, alilorithi kwa baba yake. "Hili ni moja, haligawanyiki. Nampa aliyenirudishia minde."

"Bila kijia, kamera ingetegwa wapi?" akauliza Veneranda.

"Na bila kuihamisha, si tungekuwa na picha za majani mpaka leo?" akajibu Kastori.

Eufrasia akasema kwa upole, "Mlikuwa na kijia na kamera. Mnyama mlikuwa naye?"

Mzee akalirudisha zeze kifuani, maana wote watatu walisema kweli.

Haya, nyinyi mliosikia yote: lingekuwa mikononi mwenu zeze lile, mngemkabidhi nani?