Saa Moja ya Perpetua

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura na fisi, ni zamani hizi za majuzi watu wakiwa na simu mifukoni, palikuwa na familia moja kando ya Ziwa Viktoria isiyojua kuondoka. Kula walijua, kucheka walijua, kuondoka hawakujua. Kwenye misiba walikuta kaburi limeshafukiwa. Kwenye harusi walikuta wali umekwisha, wakawanunia wenye harusi.

Binti mkubwa wa nyumba hiyo, Perpetua, ndiye aliyevumbua dawa. Jambo likiwa la saa tatu, yeye hutangaza saa mbili. Wenzake wakachelewa kama kawaida yao, wakafika kwa wakati. Mwaka wa pili mdogo wake Mafuru, mwenye gari, akaigundua dawa yenyewe: dada akisema saa mbili, elewa saa tatu. Ikawa hivyo miaka na miaka. Dada anapunguza saa, kaka anairudisha, wanafika dakika ya mwisho huku wanahema, na hakuna anayesema neno.

Sasa nisikilizeni. Mama yao, Bi. Nyabweke, alikuwa na presha ya macho, na daktari alikwishasema kuwa nuru iliyopotea hairudi. Mama hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: auone uso wa dada yake, Bi. Sabina, kabla giza halijatanda. Bi. Sabina aliishi kisiwani, kisiwa kimya kisicho na gari wala soko, na kivuko kilikwenda huko Jumamosi tu, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

"Perpetua mwanangu," mama akasema, "safari hii usimdanganye mtu saa. Sitaki kwenda kwa dada yangu kwa uongo."

"Nimekusikia, mama. Sidanganyi."

Ijumaa akaenda gatini kuhakikisha. Lo! Akakuta tangazo jipya: kivuko kitaondoka saa moja, si saa mbili tena. Akalipiga picha, akaituma kwa wifi yake Leokadia, mke wa Mafuru. Kisha akampigia Mafuru mwenyewe.

"Mafuru, kivuko ni saa moja. Saa moja ya kweli, naapa."

"Sawa dada, saa moja," akajibu Mafuru, na Perpetua akakisikia kicheko ndani ya ile sauti.

Kicheko hicho kilimnyima raha. Je, aseme saa kumi na mbili? Akaishika simu, akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Alikuwa amemwahidi mama.

Asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili, mama yuko sebuleni, kitenge kipya mwilini, doti ya khanga ya kumpelekea dada yake mapajani. Perpetua akaketi. Akainuka. Akafungua kapu la chakula, akatazama chupa ya chai, akafunga. Akaketi. Akainuka. Akampigia Mafuru.

"Tuko njiani, dada," akasema Mafuru, mswaki mdomoni, maji ya bomba yakisikika nyuma yake.

Perpetua akakata simu. "Mama, tutangulie mimi na wewe kwa bajaji."

"Hapana. Dada amepikia watu wote. Nikishuka na mtoto mmoja atadhani wengine wamenitupa. Tunakwenda sote au hatuendi."

Perpetua akaketi. Akainuka. Akaenda dirishani.

Gari lilikuja saa moja na dakika kumi. Walipofika gatini, kivuko kilikuwa katikati ya maji, kinazidi kuwa kidogo.

Mama akashuka, akakaza macho. "Kiko wapi? Mbona sikioni? Ni macho yangu?"

"Si macho yako, mama," akasema Perpetua. "Kimetuacha." Akalia pale pale mbele za watu.

Basi yakaanza. Mafuru akasema, "Mimi kosa langu nini? Miaka yote saa moja ya dada ni saa mbili. Aliyenifundisha kutomwamini ni nani?"

Perpetua akasema, "Nilikuapia, Mafuru. Na picha nikatuma. Wifi, hukuiona?"

Leokadia akasema, "Niliiona. Lakini mara ya mwisho nilipowahimiza, niliambiwa mimi ni wa kuja, nisipangie ukoo. Nikanyamaza kama mlivyonitaka."

Mafuru akamgeukia mama taratibu. "Na wewe mama, si ungekubali tu bajaji?"

Bi. Nyabweke hakubisha. "Ni kweli, nilikataa. Nilitaka dada awaone wote."

"Basi Jumamosi ijayo, mama. Nitalala kwako kabisa, na gari."

"Jumamosi iliyopita niliona maua kwenye khanga hii," akasema mama, akiipapasa. "Leo naona weupe tu. Ya Jumamosi ijayo siyajui." Kisha akanyoosha mgongo. "Dada yangu yuko gatini kule toka alfajiri, anatazama kivuko kinavyokuja. Aliyenikosesha ndiye atakayemwambia kuwa simo."

Hajamaliza, simu ikaita mkobani mwake. Akaitoa, akaishika mbele yake bila kujua amwelekezee nani. Ni Bi. Sabina. Perpetua akanyoosha mkono, akaurudisha. Mafuru akatazama viatu vyake. Leokadia akamtazama mumewe. Simu inaita. Simu inaita.

Haya, ninyi mliotulia vitini huku mimi nikihangaika nao: Perpetua aliyeuzoesha ukoo uongo hata ukweli wake ukakosa bei, Mafuru aliyeapiwa akacheka, Leokadia aliyejua akanyamaza, na mama aliyetaka wote au asiwepo hata mmoja. Semeni upesi, maana haitaita milele. Je, nani alistahili kuipokea ile simu?