Kwa Nini Harufu Haipigi Hodi

Acheni kumcheka mwenzenu. Mtu ameangua kilio mbele ya sufuria ya maziwa yaliyoungua, na ninyi mnakonyezana na kuulizana kama amepagawa. Hajapagawa. Vuteni vigoda mkae, na vitunguu mmenye huku mnasikiliza, maana harusi ya watu haitangoji maneno yangu. Kilichompata hakikuanza leo wala hakikuanza kwake.

Kulikuwa na wakati, kabla milima hii ya Upare haijapewa majina, kichwa cha binadamu hakikuwa na mlango. Matarishi wa mwili walikuwapo tayari. Tarishi wa kidole aliichukua habari yake akakimbia nayo kwenye mshipa wa fahamu, akampokeza mwenzake, naye akampokeza mwingine, wakapanda hivyo uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo. Wale wa macho, masikio, ulimi na pua njia yao ilikuwa fupi zaidi, lakini kazi ilikuwa ile ile. Wote waliingia moja kwa moja, saa yoyote, kila mmoja akipiga kelele zake.

Mnadhani ilikuwa raha? Mtu alivaa ngozi asubuhi, na mpaka jioni mgongo ulikuwa bado unatangaza, "Nimevaa! Nimevaa!" Nzi akilia karibu na sikio, alisikika sawa na radi. Na aliyefiwa alifiwa upya kila kulipokucha, kwa sababu sauti ya marehemu ilikuwa haijawahi kutoka kichwani. Watu walikonda, wakagombana, wakamlilia Muumba awape nafuu.

Muumba akamtuma Fundi wake. Binadamu wote wametoka kwenye udongo mmoja, kwa hiyo alichokifanya Fundi kwenye kichwa kimoja kingetokea kwenye vyote. Akauliza, "Nani anateseka kuliko wenzake? Nitaanza na kumaliza kwake." Mwanamume mmoja aitwaye Senzota akasema, "Mchukue mke wangu. Tumemzika mtoto, na tangu hapo hali wala halali."

Mke huyo ndiye Nakijwa. Mwanawe aliitwa Mbazi, mtoto wa kutambaa, na homa ilimchukua hata hajatembea. Nakijwa alikaa mbele ya Fundi. Alikuwa amechoka, maskini, na yeyote angekaa.

Fundi akaanza na njia ya ngozi. Akajenga mlango, akamweka Bawabu, akampa amri: hakuna habari kupita bila hodi. Mara tarishi wa mgongo akafika.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mgongo. Nimevaa ngozi."

"Hiyo tunaijua. Rudi."

Watu wote duniani wakashusha pumzi. Hata wewe unayejidai hunisikilizi, kanga hiyo ulikuwa unaisikia kiunoni kabla sijaitaja? Bawabu alikuwa ameirudisha. Ndivyo anavyofanya kazi, na ni mchapakazi kweli.

Lakini siku ile Nakijwa aliutafuta mgongoni uzito wa mwanawe, ule uliokuwa unamlemea tangu msiba, hakuuona. Fundi akajenga mlango wa ulimi, kisha wa masikio, na sauti ya Mbazi ikakatika. Akajenga mlango wa macho. Jioni hiyo Nakijwa alimuuliza mumewe, "Hivi Mbazi alikuwa na uso wa duara au mrefu?" Senzota alifurahi, akadhani mkewe anapona. Nakijwa aliingia ndani akajifungia.

Kilichobaki ni pua. Ndani alikuwa na mbeleko ya ngozi ya mbuzi, na mbeleko ile ilikuwa bado inanukia mtoto, maziwa na moshi kidogo. Akiisogeza puani, Mbazi alikuja mzima, uzito, sauti, uso, vyote pamoja. Ndipo alipojua kwamba kesho, mlango wa mwisho ukisimama, mtoto atakufa mara ya pili na hatabaki wa kumkumbuka.

Fundi alipofika asubuhi, Nakijwa aliziba pua kwa viganja vyote viwili.

"Huu usiufunge, baba. Nakuomba. Milango mingine nimekuachia."

"Mama, mlango ni kwa faida yako. Usipokuwapo, hutachagua nani aingie na aingie lini."

"Simtaki mwingine. Namtaka mwanangu."

Senzota akamsihi, akamkaripia, akamwita mwendawazimu mbele za watu. Nakijwa hakutoa mikono puani. Fundi akakusanya vyombo vyake. Hakubisha tena. Akashuka mlimani akaenda zake.

Siku za mwanzo Nakijwa alishukuru. Kila alipoishiwa nguvu aliinusa mbeleko, na mtoto akaja. Lakini harufu nayo ina mwisho. Jua na vumbi viliila kidogo kidogo, mpaka mbeleko ikanuka ngozi tu, na Mbazi hakuitika tena alipoitwa. Lakini njia ya pua ilibaki wazi. Mtoto akawa anakuja anapotaka mwenyewe. Siku moja mwanamke alipita kisimani na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na Nakijwa akaanguka pale pale na mtungi wake. Alipoinuliwa hakujua kilichomwangusha, kwa sababu habari ile ilikuwa imeingia bila kutaja jina.

Kisha akazaa mtoto wa kike, Mkunde. Ole wake! Mtoto mchanga hunukia mtoto mchanga, hakuna mwenye harufu yake peke yake. Kila Nakijwa alipomweka kifuani, aliyekuja alikuwa kaka mtu, baridi, kama siku ile ya kumzika. Alipiga ukelele akamweka chini. Akajaribu tena, akamweka chini tena. Mwisho mdogo wake alimchukua Mkunde akamlea nyumba ya pili. Nakijwa alizunguka milimani akimwita Fundi aje amalizie kazi, akaitikiwa na mwangwi. Bawabu alikuwapo, macho kodo, lakini angemrudishaje asiyepita kwake?

Mkunde alipopata akili, alisikia watu wazima wakinong'ona kwamba shida ni harufu. Basi akaenda mtoni peke yake. Akajisugua kwa majani na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, akaja akasimama mlangoni kwa mama yake, maji yanamdondoka.

"Mama, nimeoga sana. Sasa nibebe."

Nakijwa akafungua mikono. Akamnyanyua, akavuta pumzi. Chini ya majani na maji ya mto, mtoto alikuwa bado ananukia mtoto. Akamrudisha chini, akageuza uso. Mkunde hakulia. Alirudi kwa mama yake mdogo, na hakuomba tena kubebwa mpaka mama yake alipokufa.

Na tangu siku ile Fundi aliposhuka mlimani, kila habari ya mwili husimama mlangoni na kupiga hodi, ya macho, ya masikio, ya ngozi, ya ulimi, isipokuwa ya pua. Yenyewe huingia ndani kabisa kabla hujajua kuna mgeni. Machozi hutangulia, sababu hufuata, na siku nyingine sababu haifiki. Mnanitazama mkingoja niwatajie dawa yake. Hakuna. Mlango ule aliukataa mama kwa kumpenda mtoto, na Fundi hakurudi.