Posa ya Nchi ya Mbwera

Zamani hizo watu wa nchi ndogo ya Mbwera walilala na viatu miguuni, maana jirani yao, Mtemi Mgalula wa Ugumbo, alikuwa ametangaza kwamba ataimeza nchi yao. Mjumbe wake, Kapufi, alikuja kuidai akiwa amechelewa, nguo zimejaa miiba.

"Nimekutana na mama mkwe wangu njiani," alijitetea. "Imebidi nijifiche kichakani mpaka apite."

"Ndiyo heshima," alisema Bi Nyamizi, mjane aliyekuwa msemaji wa Mbwera. "Nchi tumeitoa. Ila Mtemi aoe kwetu kwanza, watu wasije wakasema ameiba. Amwoe binti yangu Sanane, kisha aje mwenyewe na jeshi lake, achukue mke na nchi safari moja."

Kapufi aliona hilo ni jepesi kuliko vita. Mahari ikaletwa, ngoma ikachezwa, ng'ombe wakaliwa.

Siku ya kuchukua nchi, Mtemi aliongoza jeshi mpaka kwenye daraja, njia pekee ya kuingilia Mbwera. Katikati ya daraja aliketi bibi mmoja kwenye kigoda, akimenya mihogo. Kapufi alimtambua, akamnong'oneza Mtemi. Mtemi akajifunika uso kwa ngao, akaruka kichakani. Askari walitazamana, nani angethubutu kumgusa mama mkwe wa Mtemi?

Kapufi alimwendea. "Mama, Mtemi anauliza utaondoka lini."

"Nimekuja kusalimiana na mkwe wangu," alisema Bi Nyamizi, akichukua muhogo mwingine. "Akija hapa tukaonana uso kwa uso, nitaondoka."