Jiwe la Mama Heraisi

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba pembezoni mwa jangwa la Misri aliishi mjane mchamungu, jina lake Heraisi, aliyejipatia riziki kwa kusuka mikeka. Kila alfajiri aliloweka chunguni ukindu wa siku ile tu, akaugandamiza kwa jiwe usielee. Ukishalainika, huliondoa jiwe akaanza kusuka. Walipomuuliza mbona haloweki wa siku mbili tatu, alijibu kwamba kesho hajapewa bado.

Sasa, wapendwa, msidhani mama huyu alikuwa malaika. Mwanawe wa pekee, Isidori, aliuawa kisimani na mnyang'anyi aitwaye Koluto, mtu ambaye Heraisi hakuwahi hata kumwona kwa macho. Miaka mitatu alisali, na miaka hiyo hiyo mitatu alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. "Bwana," alikuwa akisema, "nisaidie nisimlaani, leo tu." Siku nyingine alishinda, siku nyingine alishindwa.

Asubuhi moja jiwe lake lilipasuka. Alikuwa ameinama anazamisha ukindu kwa mikono, mara akaingia mtu anachechemea, damu inamchuruzika mguuni.

"Nisitiri, mama, wananiua!"

Heraisi hakuuliza jina. Alimketisha pembeni, akampa maji.

Hajamaliza kuyanywa, watu wa kijiji wakafika mbio na mawe mikononi, maana walikuwa wamemtambua mtu yule sokoni. Mbele yao alikuwa Pinuti, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji," akasema Pinuti huku akihema, "unajua umemficha nani? Huyo ndiye Koluto. Ndiye aliyemuua Isidori wetu." Akamtia jiwe mkononi. "Wewe ndiye mzazi. Jiwe la kwanza ni haki yako."

Lo! Heraisi aligeuka akamtazama yule mtu, naye akainamisha kichwa, asikane. Mkono wa mama ukainuka. Naam, uliinuka, sitawaficha. Alitaka mtu yule afe, tena afe kwa mkono wake. Ndipo midomo yake, kwa mazoea ya miaka mitatu, ikatamka: "Bwana, leo tu."

Akapiga hatua mbili, akainama, akaliweka lile jiwe chunguni juu ya ukindu. Ukindu ukazama.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Nilikuwa na shida ya jiwe."

"Unatufanyia mzaha? Na akikuua huyo kesho?"

"Kesho mtanizika. Leo yumo nyumbani mwangu, na nyumbani mwangu hauawi mtu." Akasimama mlangoni, mikono imeishika miimo yote miwili. "Anayetaka kuingia anipige mimi kwanza. Anza wewe, Pinuti, uliyekuwa ukimbeba Isidori mabegani."

Pinuti alilia mbele ya watu wote, mtu mzima yule. Kisha akageuka akaenda zake, na wenzake wakamfuata wakinung'unika.

Koluto alikaa pale mpaka mguu ukapona, akajifunza kusuka kwa vidole vilivyozoea kisu. Siku ya kuondoka akauliza, "Mama, umenisamehe?"

"Leo nimekusamehe," akajibu Heraisi. "Kesho uliza tena."

Basi Koluto hakuondoka. Alibaki ili aulize, akauliza kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, hadi asubuhi ile alipomzika mama yule kwa mikono yake mwenyewe.

Wapendwa, sisi twataka kusamehe mara moja, tumalize, tupumzike. Mama Heraisi alilishika jiwe lile lile kila alfajiri, na kila alfajiri aliamua upya pa kuliweka. Wewe nawe unalo lako mkononi asubuhi hii. Liweke chini asubuhi hii. La kesho utaliona kesho.