Barua Iliyopita Ofisi Sita za Fisi

Tegeni masikio, na mwenye usingizi akanawe uso! Mwaka huo jua lilikataa kabisa kuondoka, na Chuo cha Wanyama kikabaki na kisima kimoja tu. Kisima chenyewe kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao Fisi, Kaimu Mkuu wa Chuo.

Profesa Sungura alikuwa amefundisha siasa hapo masika ishirini. Alianza kama mkufunzi msaidizi, akisomesha juu ya kichuguu, akapanda ngazi kidogo kidogo hadi akawa profesa, kisha Naibu Mkuu wa Chuo. Maskini, unaibu wenyewe ulikuwa jina tu! Kila kiti kilichoachwa wazi Fisi alikikalia: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, mwenyekiti wa mitihani, mlezi wa mabweni, msimamizi wa kisima, na ukaimu juu yake. Ofisi sita, Fisi mmoja, na kila ofisi ina mtungi wake wa maji.

Mwenye kiu aliambiwa aandike barua, ipite ofisi zote sita ndipo ifike kwenye Baraza la Simba. Na kanuni aliitunga Fisi mwenyewe: barua iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Sungura aliandika yake kabla ya wote. Ikalala mezani mwezi mzima. Wanafunzi wake wakaanza kuanguka darasani, leo swala, kesho kanga, na moyo ukamuuma kweli kweli. Wiki moja zaidi bila maji, angebaki akifundisha madawati.

Asubuhi moja Fisi alimjia mbio, ulimi nje.

"Naibu! Simba anakuja kesho kumthibitisha mkuu wa chuo. Barua yangu ya maombi itoke leo hii!"

"Hongera, Mheshimiwa. Imepita ofisi zote?"

"Ofisi zote si ni mimi?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Lakini Simba ataitaka mihuri, na kwa kanuni yako, mbele yako kuna barua themanini."

Fisi akalitazama lile lundo. "Nikizigonga zote leo?"

"Utakuwa umemaliza kazi. Ila zisome kwanza. Mimi nimekwambia."

"Kusoma ni kazi ya maprofesa!"

Basi ikawa vurumai! Fisi alikimbia ofisi hadi ofisi akibadilisha kofia mlangoni, na kila barua akaigonga muhuri wa NAUNGA MKONO. Paa! Paa! Paa! "Shikamoo, Mkuu wa Kitivo!" akajiamkia. "Marahaba, pita ndani!" akajijibu. Sungura alijiziba mdomo kwa masikio yake yote mawili, mbavu zikimuuma kwa kicheko.

Kesho yake Simba akaja, manyoya yamechanwa, akataka vyeo vyake visomwe mara tatu ndipo akaketi. Sungura akachukua barua ya juu kabisa.

"Ya kwanza ni yangu, Mtukufu. Naomba kisima kifunguliwe kwa wote, na Fisi avuliwe vyeo vyote sita kwa kuficha ufunguo. Mkuu wa idara anaunga mkono. Mkuu wa kitivo anaunga mkono. Mwenyekiti wa mitihani anaunga mkono..."

Kufikia mlezi wa mabweni, kanga walikuwa wanagaagaa chini kwa kucheka.

"Mtukufu, sikusoma!" Fisi akalia.

"Ofisi sita," Simba akanguruma, "na hata moja haikusoma? Basi zote hazina mtu. Lete ufunguo!"

Sungura hakungoja kupongezwa. Aliunyakua ufunguo akatoka mbio hadi kisimani, wanafunzi nyuma yake wakipiga vigelegele. Wakanywa, wakamwagiana, wakanywa tena. Fisi naye akapanga foleni, wa mwisho kabisa, na zamu yake ilipofika Sungura akamtekea.

Tangu hapo, wanyama wakimwona mwenzao anarundika vyeo, humwambia mapema: bakiza ofisi moja ya mtu mwingine, ili siku unayojiangamiza kwa mkono wako, awepo wa kuuzuia mkono huo.